Jirani Aliyegeukia Kwenye Mihati

Jirani yetu alikuwa akinidanganya kuhusu harufu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonisumbua muda mrefu zaidi. Watu wakisikia kwamba nilitengeneza bustani kwa ajili ya watu wazima wenye ulemavu, na kwamba jirani yangu asiyeona alinisaidia, hutabasamu kana kwamba hadithi yote wanaijua tayari. Hawaijui. Hata mimi niliyekuwepo siielewi vizuri.

Nilikuwa nikimpelekea majani asubuhi, yamefungwa kwenye kitambaa chenye unyevu, kila jani na namba yake. Yeye aliketi kwenye kigoda nyuma ya karakana ya baba, hapa Kamembe, Rwanda, pale ambapo ukuta wetu na wake ni mmoja. Nilimpa jani, akalisugua kwa kidole gumba, akalinusa. Kisha alisema neno moja au mawili, nami niliandika.

"Hii inanuka lopitali," alisema siku moja.

Ilikuwa rosmarini. Nilikuwa nimeotesha miche ishirini na sita ya rosmarini, na jioni ile ile niliing'oa yote na kuigawa, maana nani anataka bustani inayonuka hospitali? Wiki mbili baadaye aliniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, rosmarini ilikwenda wapi.

"Maman, wewe ndiye uliyesema inanuka hospitali."

"Nilisema inanuka lopitali. Sikusema ni mubaya. Lopitali njo nilizalia batoto bangu."

Kuhusu mnanaa alisema hauna harufu yoyote, ni majani tu kama majani mengine. Nikauondoa kwenye ramani. Kumbe kila Ijumaa alikuwa akichuma ule wa kwenye kopo mlangoni petu kwa ajili ya chai yake, na mama yangu alijua, na hakuna aliyeona sababu ya kuniambia.

Jina lake sitalitaja, na kwa kweli mtaani kwetu halitumiki. Baba humwita Jirani. Sisi watoto wa nyumba hii tulimwita Maman Jirani, na nilipokua nikaendelea hivyo hivyo. Yeye husema Kiswahili cha Bukavu, ng'ambo huko Kongo, chenye batu badala ya watu na njo badala ya ndiyo, na mimi naandika hiki nilichojifunza kwenye vitabu na madrasa, kwa hiyo akinisikia nikisoma kwa sauti huuliza nani amekuja kuhubiri.

Mimi nina miaka ishirini na minne. Sikusomea bustani popote. Nilijifunza kwa simu, nikiwa nimekaa kwenye maranda ya mbao karakanani, nikisoma ukurasa mmoja mara tano kwa hofu kwamba nimeruka neno muhimu. Kituo kimoja hapa mjini, ambapo watu wazima wenye ulemavu, Jirani akiwa mmoja wao, huja siku tatu kwa wiki kusuka vikapu na kutengeneza sabuni, kilikuwa kimemwagiza baba benchi. Nilipokwenda naye kuzipeleka niliona uwanja mtupu nyuma ya jengo, unaoshuka kuelekea ziwani, na mdomo wangu ukasema kabla ya kichwa kufikiri: hapa pangefaa bustani ya kushika, kunusa na kusikiliza. Mkurugenzi wa kituo, mwanamke mwenye roho nzuri na haraka nyingi, alisema, "Basi tengeneza." Nilirudi nyumbani nikaanza kutafuta kwenye simu bustani hutengenezwaje.

Ilikuwa bustani ya sehemu mbili. Ya juu iko karibu na milango ya kituo, ya chini ni tambarare pana inayotazama ziwa Kivu. Ile ya chini ndiyo iliyokuwa moyo wa kazi yangu. Nitaeleza jinsi nilivyokaribia kuipoteza ikawa banda la kuku, na kwamba jirani yetu alijua kwa nini, na hakusema.

Lakini kwanza mikono yake, maana huwezi kumwelewa bila mikono. Haikutulia hata kanisani, nasikia. Akikusalimia, kidole kimoja kinapanda kidogo hadi kwenye mkono wa gauni lako na kupita juu ya pindo. "Huyu mushonaji alikuwa na njaa," atasema, na kweli ukitazama utaona mishono imekwenda upande. Baba yangu ni seremala wa miaka mingi na hamwogopi mteja yeyote, ila akimaliza meza humwita Jirani kabla ya mwenye meza. Yeye huweka viganja viwili juu ya mbao, anavitembeza kama anayefuta makombo.

"Fundi, meza yako imelewa."

"Imelewa wapi?"

"Huu muguu. Ilikunywa primus mbili."

Na baba, ambaye hajawahi kugusa pombe maishani, hucheka na kuchukua randa.

Macho ya Jirani yalizimika lini, sijui. Amewahi kuniambia miaka mitatu, na amewahi kuniambia kumi na tano. Nilikuja kugundua kwamba inategemea anayeuliza. Padri akiuliza, ni miaka michache, ili aombe kwa matumaini. Mtu wa ofisi akiuliza, ni miaka mingi, ili asimwambie aende kwanza kwa daktari mwingine. Mimi nilipomuuliza kwa ajili ya bustani, kwa sababu nilisoma kwamba mtu aliyepoteza kuona ukubwani hukumbuka rangi, alinijibu, "Rangi ya nini?" Nikasema rangi yoyote, nyekundu kwa mfano. Akasema, "Nyekundu iko vizuri. Endelea nayo." Nikaandika: nyekundu.

Kwenye chakula alikuwa na utaratibu wake. Akila kwetu aliomba sala ndefu hata wali ukapoa. Akila kwake, chakula alichopika mwenyewe, alianza kula tu. Mama alimuuliza kwa nini. "Yangu ninajua nani alipika," alisema. Ila wakati wa Ramadhani, huyu huyu asiyeamini mapishi ya mtu alituletea uji wa mtama kila magharibi, akasimama mlangoni akisikiliza adhana pamoja nasi, na alitukaripia kama tulichelewa kufungua.

Alitembea mtaani bila fimbo. Mguu wake ulijua kila mfereji. Barabarani ndipo alipokubali kunishika kiwiko, na hapo hakukosa neno: "Weye unatembea kama muntu anabeba mayai. Nani alikupea hayo mayai?" Nilicheka, lakini usiku ule nilifanya mazoezi ya kutembea chumbani. Hivyo ndivyo nilivyo. Mtu akinitania mimi najisahihisha.

Alikuwa na neno moja alilolitumia kwa kila jambo: tutaangalia. Mvua itanyesha? Tutaangalia. Binti wa fulani ataolewa? Tutaangalia. Watu wageni hukwama wakimsikia mtu asiyeona akisema hivyo, nao huanza kusema naye kwa sauti kubwa, na yeye huwaambia kwa upole kwamba macho ndiyo yaliyokufa, masikio bado hayajazikwa. Ukimwomba ushauri hakuwa mtu wa kutegemewa. Jumatatu aliniambia mtu akikosea mara moja asamehewe. Alhamisi aliniambia mtu akikosea hata mara moja, usimpe tena kisu. Nilimkumbusha ya Jumatatu. Akasema Jumatatu alikuwa amekula vizuri.

Sasa mihati.

Kati ya sehemu ya juu na ya chini ya bustani kulikuwa na ukingo wa tuta, mahali ambapo mteremko unaisha. Nilikuwa nimesoma kwamba ardhi inapobadilika, asiyeona anahitaji kitu cha kumwambia mapema, kitu cha kugusa kwa mkono akiwa amesimama. Nilitafuta mmea usio na miba, usio na utomvu wa kuchoma macho kama ule wa miyenzi, yaani minyaa ya uani, wenye jani laini, unaoshika upesi. Nikaupata muhati. Shina lake ni jembamba na limenyooka, majani marefu ya kung'aa kama mkanda wa ngozi mpya. Ukikata fimbo yake ukaichomeka ardhini, inaota. Nilipanda arobaini, mstari mmoja, umbali sawa, nikaacha katikati mlango wa mita moja na nusu ili hata baiskeli ya magurudumu matatu ipite. Siku nilipomaliza nilirudi kuutazama mstari ule mara nne. Hakuna kitu nilichowahi kufanya kilichonyooka vile.

Chini ya mstari ndiko nilikoweka vyote nilivyokuwa navyo. Mianzi ya kusikiliza upepo wa ziwa. Bomba la mwanzi linalodondosha maji kwenye jiwe. Rehani na mchaichai. Benchi ya baba, iliyopita mikononi mwa Jirani mwenyewe na kuambiwa haikunywa kitu. Nilikuwa nimeichora sehemu ile mara kumi na moja kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, na kila mara nilimweka mtu mmoja kwenye benchi, na mtu huyo alikuwa yeye. Sikumwambia.

Bustani ikafunguliwa mwezi wa sita. Watu wakatoka na vikapu vyao vilivyosukwa nusu, wakashuka njia, wakashika majani, wakacheka. Wakafika kwenye mihati, wakaigusa, wakageuka.

Wote. Siku ya kwanza nilidhani ni uchovu. Siku ya pili nilisimama pembeni nikatazama vizuri. Jirani alishuka bila kushikwa, mkono wake ukakuta jani la muhati, ukateremka hadi kwenye shina, ukapapasa shina la pili, na akageuka taratibu kama mtu aliyefika mwisho wa chumba. Akarudi juu. Hata mshona viatu wa kutoka Rwimbogo, ambaye miguu yake ndiyo isiyofanya kazi na macho yake yanaona kuliko yangu, alifika na baiskeli yake ya kuzungusha kwa mikono, akafunga breki mbele ya mlango wangu wa mita moja na nusu, akatazama ziwa kidogo, akageuza.

"Papa, njia ina shida?"

"Hapana. Njia iko muzuri sana."

"Mbona hushuki?"

"Niko sawa hapa. Aksanti."

Ule upole ulinitesa kuliko lawama. Wangesema bustani ni mbaya ningejua pa kuanzia. Niliongeza upana wa mlango. Nilipunguza mteremko kwa matoroli ya udongo hadi viganja vikapasuka. Nilibadilisha kokoto nikaweka matofali, kisha nikatoa matofali nikarudisha kokoto ndogo zaidi. Niling'oa mchaichai uliokuwa karibu na njia kwa sababu kingo za majani yake hukata. Nilijifunga mtandio machoni nikashuka mwenyewe mara ishirini, na mara zote ishirini nilifika kwenye benchi bila shida yoyote. Nilimuuliza Jirani kwa nini hashuki.

"Tutaangalia," alisema.

Mkurugenzi alinivumilia hadi mwezi wa nane. Kisha akanionyesha kwa kidole ile tambarare yote tupu. "Mvua zikianza kabla hawajaanza kuitumia, nitaweka banda la kuku. Samahani. Kuku watashuka." Hakusema kwa ubaya. Aliona ardhi nzuri inakaa bure, na mtu yeyote wa hapa akiona hivyo hukosa raha.

Nilipogundua, niligundua kwa sababu ya samadi. Nilikwenda Nyakarenzo kununua samadi ya mbuzi, nikiamini sasa tatizo ni kwamba rehani yangu haina nguvu na hainuki hadi juu. Shambani kwa muuzaji, mwanamke mmoja alikuwa akilima. Jembe lake lilifika kwenye muhati uliosimama peke yake, likasimama kiganja kimoja kabla ya shina, akageuka akaanza mstari mwingine. Upande wa pili mwanamume alikuwa akilima pia. Naye alifika kiganja kimoja, akageuka. Kati yao kulikuwa na mihati minne tu, mbalimbali, na kipande chembamba cha majani ambacho hakuna aliyekigusa.

Nilimuuliza muuzaji mimea ile ni ya nini. Alinitazama, akatazama viatu vyangu.

"Weye ni muntu wa mujini," alisema. "Hii njo mupaka. Ya baba yake na baba ya mwenzake. Ukipita hapo bila kuitwa, uko mwizi."

Mimi nimekulia kwenye kuta za saruji. Kwetu mpaka ni tofali, na nyuma yake unasikia redio ya mtu. Nilikuwa nimechukua alama ambayo kila mtu aliyekulia shambani huko Nyakarenzo au Rwimbogo huijua kwa mkono tangu utotoni, nikaipanda mara arobaini, katikati ya bustani, nikaacha mlango na kungoja waingie kwenye shamba la mwenyewe asiyejulikana.

Hapa ndipo ningependa kuandika kwamba nilikwenda moja kwa moja kuwaeleza. Niliona aibu. Nilifikiri juu ya vile nilivyousifia mstari ule mbele ya mkurugenzi. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata, kabla kituo hakijafunguliwa, mlinzi akiwa anachemsha chai, niliingia nikang'oa mihati yote arobaini. Nikaipakia kwenye magunia. Nikasawazisha udongo kwa reki hadi usingeweza kusema kulikuwa na kitu. Nilijiambia watashuka sasa, na hakuna atakayejua.

Mshona viatu alikuwa wa kwanza kutoka. Alifunga breki juu kabisa, karibu na mlango wa jengo.

"Nani aling'oa mupaka?"

Hakupaza sauti. Lakini waliokuwa ndani walisikia, na nikasikia swali lile likipita kutoka benchi hadi benchi, kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili, kwa ishara za mikono kwa wale wasiosikia. Siku ile hakuna aliyeshuka hata sehemu ya juu. Vikapu vilisukwa ndani. Nilijificha kwenye stoo ya sabuni.

Jirani alinifuata huko akipapasa ukuta. Alisimama mlangoni.

"Ni weye."

"Ndiyo, Maman."

"Peke yako?"

"Ndiyo."

"Asubuhi, bila muntu kuona?"

Alitafuta ndoo kwa mguu, akaipindua, akaketi juu yake.

"Sasa uliiba shamba ya nani, mutoto yangu?"

Nilimweleza yote, Nyakarenzo, jembe, kiganja kimoja. Nilimwambia hakuna shamba la mtu kule chini, yote ni ya kituo, mihati ilikuwa mapambo. Nilikuwa nalia na sikutaka ajue, ingawa nadhani alijua. Kisha nikamuuliza kile ninachoendelea kujiuliza hadi leo. Alijua tangu siku ya kwanza alipoushika ule mti kwamba nimekosea. Kwa nini hakuniambia?

"Haukuniuliza. Uliniuliza mambo ya harufu."

Hilo lilikuwa jibu la kwanza.

Yeye ndiye aliyeniambia la kufanya, na alisema kama mtu anayeeleza namna ya kusonga ugali. Mihati haing'olewi na mtu mmoja. Inang'olewa mchana, wa pande zote mbili wakiwa wamesimama, aliyeipanda aseme kwa nini aliipanda, na mwenye shamba aseme shamba sasa ni la nani. Aliyeing'oa kwa siri ni mwizi, na anayekanyaga pale baada yake ni mwenzake. Ndiyo maana hawakutoka.

"Mkurugenzi hawezi kuwaambia tu?" niliuliza.

"Yeye aling'oa?"

"Hapana."

"Basi."

Tulifanya kesho yake, Jumatano, saa nne, jua likiwa kali. Nilichomeka tena mihati michache, iliyonyauka, mahali ilipokuwa, maana Jirani alisema huwezi kung'oa kisichokuwepo. Watu wa kituo walisimama au kuketi upande wa juu. Mkurugenzi alisimama upande wa chini peke yake, amechanganyikiwa kidogo, ameshika simu. Mimi nilikuwa katikati. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, nikayasahihisha, na nilipoifungua sikuona hata herufi moja. Nikasema hivi hivi. Kwamba niliipanda mimi. Kwamba sikujua maana yake, kwa sababu sikuuliza mtu, kwa sababu nilitaka ionekane kwamba najua. Kwamba jana niling'oa mimi, kwa kujificha, kwa aibu. Nilisema kwa Kinyarwanda, nikarudia kwa Kiswahili, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu sasa nilijua kilichokuwa kinakuja.

Hakuna aliyecheka. Mshona viatu alisogeza baiskeli yake mbele.

"Na kule chini ni kwa nani?"

"Ni kwa kituo," alisema mkurugenzi.

"Kituo ni nani?"

Mkurugenzi aliangalia jengo, akaangalia watu.

"Ni ninyi," alisema.

"Mungesema ile siku ya kwanza," alijibu mshona viatu, bila hasira. Kisha akaniambia ning'oe. Niling'oa muhati mmoja baada ya mwingine wakiangalia wanaoona, na wasioona wakisikiliza mashina yakichomoka. Alipotosheka, akaachia breki na kupita. Wengine wakamfuata, wawili wawili, wakishikana. Nilisikia mtu akiligusa bomba la mwanzi na kuuliza maji yale yanatoka wapi. Nilikuwa nimengoja swali lile tangu mwezi wa sita.

Jirani alishuka hadi pale mstari ulipokuwa. Aliinua mkono, akapapasa hewa, hakukuta kitu. Akageuka akarudi juu.

Mvua zilianza, na banda la kuku likajengwa nyuma ya jiko, ambako mkurugenzi sasa anasema ndiko alikokuwa anataka tangu mwanzo. Watu walishuka kila siku ya kituo. Yeye hakushuka. Wiki zikapita. Sehemu niliyoichora mara kumi na moja nikimweka yeye ilijaa watu wengine wote. Sikuweza kulalamika, maana kazi ilifanikiwa, na sikuweza kufurahi.

Jibu la pili alinipa wakati ule, siku tukichambua maharage uani kwake. Sikuwa nimeuliza.

"Nilifikiri ile ya juu njo kipande yetu," alisema. "Nikashika muhati, nikasema, basi, hapa njo batatuacha. Batu batupea nusu. Nikasema nusu ni nyingi. Bengine habapeagwe hata nusu."

Nilimwambia kwamba ile ya chini nilikuwa nimeitengeneza kwa ajili yake. Alitupa kokoto nje ya ungo.

"Haukusema," alisema.

Na jibu la tatu lilikuja kama mwezi baadaye, nilipojaribu kurudia mazungumzo yale ili niyaelewe vizuri, labda ili nisamehewe vizuri zaidi. Alinisikiliza hadi mwisho, akakunja uso.

"Mihati gani?" alisema. "Mie siku ile niliumwa na muguu. Njo sikushuka."

Nimeyaandika majibu yote matatu kwenye ukurasa mmoja, nikayatazama kama baba anavyotazama mbao tatu za urefu tofauti. La kwanza linanifanya mjinga. La pili linaniumiza. La tatu linanisafisha kabisa, na ndilo ninaloliamini kidogo kuliko yote. Siku nyingine nadhani alinyamaza ili ajue kama nitauliza. Siku nyingine nadhani alikuwa amechoka kuwaelimisha watu wenye macho. Na siku nyingine nadhani mguu kweli ulimuuma.

Mara ya mwisho kukutana naye kule ilikuwa msimu wa kupanda wa mwaka huu. Nilikwenda kukagua rehani. Nilipofika pale mstari wa mihati ulipokuwa nilisikia jembe chini. Sauti yake ilikuwa fupi na ya kukatakata, ya mtu anayelima akiwa amepiga magoti.

Alikuwa peke yake. Alikuwa ameshuka lini kwa mara ya kwanza, na nani alimleta, sikujua, na hakuna aliyeniambia. Rehani yangu ilikuwa imehamishwa upande mmoja wa tuta lake, haikukatwa, imepandwa upya na udongo umeshindiliwa kwa uangalifu kuzunguka kila mche. Katika nafasi iliyobaki alikuwa amefungua mstari, na kando yake kulikuwa na kopo la maziwa la bati lenye mbegu.

"Maman, unafanya nini?"

"Ninapanda."

"Maharage?"

"Unaona ingine?"

Nilichuchumaa. Nilianza kumweleza kwamba tuta lile ni la harufu, kwamba urefu wake ulipimwa ili mtu aliyekaa kwenye benchi aifikie rehani bila kuinama. Alisema maharage yakipikwa yananuka vizuri sana. Nilimwambia yatapanda na kutambaa hadi njiani. Alisema ataangalia. Mstari wake haukuwa umenyooka. Ulianza vizuri, kisha ukaingia upande wa njia kwa karibu kiganja kizima, na mikono yangu ilikuwa ikitaka kuunyoosha mstari ule kuliko ninavyoweza kukiri.

"Ulimuuliza mkurugenzi?"

Jembe likasimama. Aligeuza uso kuelekea karibu na mahali nilipokuwa.

"Juu ya nini? Hapa ni kwa nani?"

Niliwahi kusimama mbele ya watu wote wa kituo kwa ajili ya swali hilo hilo, na siku ile mtu mwingine ndiye aliyelijibu. Mianzi ilikuwa ikisuguana. Nilitazama rehani yangu iliyosogezwa, na kopo, na mstari.

"Ni kwenu," nilisema.

"Basi toka," alisema, akirudi kwenye jembe. "Umesimama juu ya maharage yangu."

Nilitazama chini. Ilikuwa kweli, kiatu changu cha kushoto kilikuwa ndani ya mstari. Nikatoka.